Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanda Air Tanzania ukitokea Dodoma

Nakata tiketi hapa Dodoma mjini, ofisi yenyewe ni meza moja, printa na kiti cha mteja ambacho mguu mmoja umeshaanza kulegea. Kila siku naulizwa yale yale, wengine wananipigia saa nne usiku, kwa hiyo nimeona niyaandike yote hapa mtu asome kwa nafasi yake. Kitu kimoja nilichokiona miaka yote hii ni kwamba ndege ikishanyanyuka hapa huna shida tena, saa moja na kidogo uko Dar. Watu wanakwama huku chini: saa, jina, kilo na kuunganisha. Ndo maana majibu yangu mengi yako huko.

Air Tanzania na ATCL ni kitu kimoja?

Ndiyo, ATCL ni jina la kampuni, yaani Air Tanzania Company Limited. Shirika lenyewe lilianzishwa 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani kuvunjika na East African Airways kufa nayo. 2002 likawa kampuni, Afrika Kusini wakachukua asilimia 49 kupitia South African Airways, ndoa ikavunjika 2006, halafu ikafuata miaka ya njaa kweli kweli, ndege za kuhesabu kwa kidole kimoja. Lilifufuka 2016 zilipokuja zile ndege mbili aina ya Q400. Mkiani utaona twiga, na kwenye tiketi namba ya safari inaanza na TC. Ndege zenyewe ni za serikali, ziko chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, shirika linakodishiwa.

Tiketi yangu imeandika 06:10, hiyo ni saa sita?

Hapana, na usicheke, hili swali limeshawakosesha watu ndege wengi kuliko mvua na vumbi vikiwekwa pamoja. Tiketi inatumia saa za kizungu, masaa 24. 06:10 ni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. 13:00 ni saa saba mchana. 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Mimi kila tiketi nikishaiprinti naandika kwa kalamu pembeni saa ya Kiswahili, na chini yake saa ya kufika uwanjani, ambayo kwa safari za ndani ni masaa mawili kabla. Kwa hiyo wewe wa 06:10 nataka nikuone pale saa kumi alfajiri na dakika zake, bajaji umeshaongea nayo tangu jana jioni.

Balaa kubwa zaidi ni tiketi za baada ya saa sita usiku, hizi za kwenda nje ya nchi. Kuna mama mmoja, binti yake wa mbali alimnunulia tiketi, imeandikwa tarehe 15, saa 00:40. Mama kajiandaa vizuri, tarehe 15 jioni kaaga watu, kanisani wamemuombea, kafika Dar usiku wa saa tatu na begi lake limefungwa na kitenge. Kaunta wanamwambia mama ndege yako imeondoka usiku wa kuamkia leo. Yaani 00:40 ya tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15, alitakiwa awe uwanjani tarehe 14 usiku. Ukiona saa inaanza na sifuri mbili, mtafute mtu akusomee, hata mimi, siuzi ushauri.

Jina kwenye tiketi liandikweje?

Kama lilivyo kwenye kitambulisho utakachobeba. Sio jina la mtaani, sio Mama Neema, sio jina la ubatizo ambalo halimo kwenye kadi. Kama pasipoti bado ina jina la baba yako na umeshaolewa, tiketi iwe ya jina la baba, mume atakuelewa. Kukosea herufi moja mara nyingi kunarekebishika ukiwahi kusema, ila kubadilisha mtu mzima mwingine asafiri kwa tiketi yako haiwezekani, usiniombe.

Na wale wenye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, bila kadi: namba peke yake haina picha. Beba leseni, kadi ya mpiga kura au pasipoti. Mtoto mbebee cheti cha kuzaliwa.

Nimesikia Dodoma mnaletewa pangaboi, ni salama?

Pangaboi ni jina la mtaani tu la Q400, kwa sababu ya yale mapanga yanayozunguka nje. Ni ndege ya Canada, inabeba watu 76, viti viwili viwili kila upande, hakuna mtu wa katikati, kitu ambacho mimi binafsi nakipenda. Mapanga hayana maana ya uzee. Ile ni injini ya jeti inayozungusha panga, na kwa safari fupi kama yetu inakula mafuta kidogo na haihitaji njia ndefu ya kurukia. Kelele ipo, kaa mbali na usawa wa mapanga kama una mtoto mchanga.

Na sio pangaboi tu, kuna siku inakuja Airbus A220, hiyo ni jeti ya watu 132. Air Tanzania walikuwa wa kwanza Afrika kuichukua, Desemba 2018, na ya kwanza ile waliiandika jina la mji wetu, Dodoma. Sasa usije ukanilaumu umekata tiketi ukiwa na hamu ya jeti ukakuta mapanga, ndege inaweza kubadilishwa hata asubuhi ya safari. Hizi A220 zenyewe ziliwahi kukaa chini muda mrefu kwa shida ya injini za Pratt & Whitney, shida ambayo ilizikumba nchi nyingi zenye ndege hiyo, na ndo kipindi ratiba za ndani zilibanana sana.

Dreamliner haiji huku. Hiyo ni ya watu 262, ya safari ndefu kama Mumbai na Guangzhou.

Mbona inarukaruka sana ikikaribia Dodoma?

Jua la huku. Mchana ardhi ya kwetu inapata moto, hewa inapanda juu, ndege inatikisika, hasa miezi ya upepo ile ya Julai mpaka Oktoba. Ukiwa muoga kata ya asubuhi, hewa inakuwa bado imelala.

Kwa nini juzi rafiki yangu alilipa nusu ya bei unayoniambia?

Kwa sababu rafiki yako alikata Jumanne na hakukuwa na Bunge. Hili nalieleza kila siku mpaka sauti inakauka. Bei ya ndege haiko kama nauli ya basi iliyobandikwa ukutani, kwenye ndege moja kuna madaraja ya bei kadhaa, yale ya chini yakiisha kompyuta inakupa la juu, na la juu yake. Viti ni vile vile, chai ile ile.

Sasa Dodoma tuna ugonjwa wetu. Bunge la Bajeti linaanza Aprili mpaka mwisho wa Juni, na hapo kati mji unajaa wabunge, makatibu, madereva wao, waandishi, watu wa mashirika wenye briefkesi, kila mtu anataka kurudi Dar Ijumaa mchana na kuwa Dodoma Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo Ijumaa kutoka Dodoma kwenda Dar bei inapaa, na Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi kutoka Dar kuja Dodoma inapaa. Lakini geuza upande! Ndege inayokuja Dodoma Ijumaa jioni inakuja kuwachukua hao hao, yenyewe mara nyingi ina nafasi. Mwanafunzi wa UDOM anayetoka Dar kurudi chuo Ijumaa anaweza kupata bei nzuri kabisa wakati mheshimiwa anayepishana naye hapo uwanjani amelipa mara mbili. Vikao vya Januari, Septemba na Novemba navyo vina hali hiyo ila kwa siku chache.

Kama safari yako unaijua, kata wiki tatu au mwezi kabla. Na ukilipia kwa simu, usifunge ukurasa kabla namba ya tiketi haijaja, kushikiliwa nafasi bila kulipa sio tiketi, muda ukipita inafutika yenyewe na bei ile huikuti.

Naruhusiwa kilo ngapi?

Daraja la kawaida begi la chini kilo 23, na la mkononi kilo 7. Soma kwenye tiketi yako, imeandikwa pale kwenye mstari wa mizigo, na hiyo ndo inayokulinda kaunta sio maneno yangu. Ukizidisha unalipa kwa kilo.

Kwenye pangaboi lile sanduku la magurudumu unaloliita la mkononi halitaingia kwenye kabati la juu, ni dogo. Watakuchukulia mlangoni liende chini, kwa hiyo pesa, simu, dawa na nyaraka ziwe kwenye kimkoba unachoweza kukipakata.

Kuna mzee wa Kongwa nilimkatia tiketi kwenda kwa mwanawe Dar. Alikuja uwanjani na kiroba cha karanga, kilo 31, na galoni ya mafuta ya alizeti ya lita tano kaishika mkononi. Galoni ikakataliwa pale pale, mafuta yakivuja humo ndani yanaharibu mizigo ya watu. Karanga akaambiwa alipie kilo nane. Mzee akakaa chini kwenye sakafu, akafungua kiroba taratibu bila hasira yoyote, akaanza kujaza mifuko ya koti, halafu kofia, halafu akamwita dereva wa bajaji aliyemleta akampa zilizobaki pamoja na galoni. "Nawe ukale na watoto." Mzani ukasoma 23 na pointi. Tangu siku hiyo nawaambia wateja wa wilayani, pitisha mzigo kwenye mzani wa duka la nafaka kabla hujaja mjini, ni shilingi mia mbili au bure kabisa.

Mvinyo wa Dodoma je?

Chupa ziende kwenye begi la chini, zifungwe moja moja na nguo, ikiwezekana khanga mbili, na chupa isiwe imeshafunguliwa. Zabibu mbichi ni kinyume chake, usiziweke chini zitakuwa juisi, weka kwenye boksi dogo ubebe mkononi. Ubuyu na mlenda mkavu havina shida. Kuku hai hapana, ndugu yangu, hata ukimfunga miguu. Na mifuko ya plastiki ya rambo iache, imepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019.

Powerbank?

Mkononi tu, kwenye begi la chini marufuku. Hii ya kawaida iliyoandikwa 20,000 mAh haina tatizo.

Uwanja uko wapi, na huu wa Msalato unaosemwa?

Uwanja wa sasa uko katikati ya mji, yaani ni raha ambayo Dar hawaijui, kutoka Nyerere Square bajaji dakika kumi. Ni mdogo, hakuna lile daraja la kuingilia kwenye ndege, unatembea kwa miguu mpaka ngazini, kwa hiyo mvua ya Januari inakuhusu na upepo unakuhusu, shika kofia.

Msalato ndo uwanja mpya wa kimataifa, uko nje ya mji barabara ya Arusha, zaidi ya kilomita kumi, njia ya kurukia kilomita 3.6, mkopo mkubwa umetoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Safari zikihamia huko ile hesabu ya dakika kumi imekufa. Angalia tiketi imeandika uwanja gani, usiende kwa mazoea.

Si bora nipande treni ya SGR?

Inategemea unaenda wapi ukifika Dar. Treni ilianza kuja Dodoma Julai 2024, ikazinduliwa rasmi Agosti 1, na tangu hapo nimepoteza wateja, sifichi. Bei yake huwezi kuifananisha na ndege. Ndege ni saa moja na kidogo, ila jumlisha masaa mawili ya kuwahi, kusubiri begi, na foleni ya kutoka uwanjani Dar. Ukihesabu hivyo treni imekukaribia sana, na inakushusha mjini kabisa. Mimi mtu akiniambia anaenda Kariakoo kununua mzigo namwambia apande treni. Akiniambia ana ndege ya Mumbai jioni hiyo hiyo namwambia apande ndege na awe na tiketi moja, na hapa ndo niongee kidogo.

Naunganisha Dar kwenda kwingine, niache masaa mangapi?

Kwanza ujue karibu safari zote za Air Tanzania zinapita Dar. Unatoka Dodoma unaenda Songea au Bukoba, unashuka Dar kwanza. Inachekesha ukiangalia ramani lakini ndo ilivyo.

Swali la kujiuliza sio masaa, ni tiketi ngapi. Kama safari nzima iko kwenye tiketi moja, Dodoma mpaka mwisho, ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili shirika linatakiwa likutafutie nyingine, na begi mara nyingi linaandikwa mpaka mwisho wa safari (angalia kile kistika, herufi tatu zilizoandikwa kubwa ndo mwisho wa begi lako, DAR ni Dar, DOD ni sisi). Kama umekata tiketi mbili mbali mbali, hii shirika hili na ile shirika lile, basi wa pili hajui kabisa kama wewe upo angani unakuja. Umechelewa, pole, nunua upya.

Yalinikuta mimi mwenyewe muuza tiketi, aibu kuliandika. Nilikuwa naenda Johannesburg kwa shughuli za familia, nikaona nijibane, nikakata tiketi mbili za kampuni mbili nisizozitaja, nikaacha masaa matatu katikati. Ile ya kwanza ikachelewa masaa mawili na nusu bila maelezo ya maana. Nimeshuka, begi linazunguka kule haliji, nikalichukua nikakimbia nalo jengo jingine, jasho mpaka kwenye soksi, nafika dada wa kaunta anazima kompyuta. Aliniangalia kwa huruma kweli, ila huruma haina kiti. Nililala kwa shemeji Ukonga na tiketi mpya nililipa kesho yake bei ya siku ile ile.

Kwa hiyo tiketi mbili tofauti, acha nusu siku, au nenda Dar siku moja kabla ulale. Na soma jengo. Uwanja wa Julius Nyerere una majengo matatu, la tatu ndo la kimataifa, lilifunguliwa 2019, na hayako mlango kwa mlango, unahitaji gari. Mwambie dereva namba ya jengo iliyo kwenye tiketi, ukisema "eapoti" tu atakushusha anapojua yeye.

Ndege imeahirishwa, nifanyeje?

Usiondoke kwa hasira. Nenda kaunta, uliza mambo mawili: naondoka lini, na nani anagharamia chakula na malazi. Omba maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha. Hakikisha namba iliyo kwenye tiketi ni yako, kwa sababu ujumbe wa mabadiliko ya saa unatumwa hapo, na nina wateja ambao namba ni ya mtoto wa shangazi aliyewasaidia kukata. Hujaridhika, lalamika kwanza kwa shirika kwa maandishi, halafu Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, wana baraza lao la watumiaji linalopokea malalamiko.

Begi halijafika?

Usitoke nje ya uwanja kabla hujajaza fomu. Ukishatoka ni maneno yako na yao.

Wateja wangu wa kizungu wanasema shirika limefungiwa Ulaya.

Ni kweli, Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha yake ya usalama wa anga, na Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania, sababu waliyotoa ni mapungufu ya usimamizi. Maana yake hayawezi kurusha ndege kwenye anga la nchi zao. Orodha hiyo haizuii safari ya Dodoma na Dar. Ila kampuni za utalii za kule zinatakiwa kumwambia mteja wao, na wengine bima zao zinawabana, kwa hiyo ukiwa unapokea wageni waeleze mapema kabla hawajalipa, wasije wakajua hapa. Mimi sio wa kusema wasiogope, ni mambo ya kitaalamu na mtu ana haki ya kuamua.

Mjamzito, mzee, mtoto mchanga?

Mjamzito mimba ikiwa kubwa beba barua ya daktari, ya siku za karibuni. Mzee asiyeweza ngazi niambie wakati wa kukata tiketi niombe kiti cha magurudumu, usisubiri uwanjani. Mtoto chini ya miaka miwili anapakatwa na analipa kidogo sana, lakini lazima awe kwenye tiketi, kuna watu wanakuja naye kama mkoba.

Nikae dirisha la upande gani?

Swali ninalolipenda kuliko yote na linaulizwa na watoto. Ukienda Dar kaa kulia, kama hakuna mawingu utaiona Uluguru imejikunja pale Morogoro. Ukirudi kaa kushoto. Kwenye pangaboi bawa liko juu ya dirisha kwa hiyo halikuzibii chini, utaona reli, utaona barabara, utaona mashamba yanavyokauka kadiri unavyosogea kwetu, mpaka ardhi inakuwa nyekundu. Kama ni ndege ya usiku kaa popote.